Umeitwa Kwenye Usaili: Namna ya Kujibu Mwaliko kwa Adabu, Hatua kwa Hatua

Ijumaa moja saa kumi na nusu jioni, kwenye simu ya ofisi uliingia ujumbe wa neno moja: "Sawa." Jina hakuna, na namba yenyewe haikuwa kwenye orodha yangu. Wiki hiyo nilikuwa nimewaita watu kumi na wanne kwenye usaili wa nafasi ya mhasibu msaidizi. Watatu walikuwa bado kimya, na mkuu wa idara alishasimama mlangoni anataka kujua Jumatatu wanakuja wangapi, nani aanze, na chai iagizwe ya watu wangapi. Nikaipigia ile namba, haipatikani. Jumatatu ndipo nilipomjua mwenye "Sawa" yake: kijana mtaratibu, vyeti vizuri, alikuwa ameazima simu ya mjomba wake. Kwa kuwa kwenye karatasi yangu hakuonekana kuthibitisha, nilikuwa nimemweka mwisho kabisa. Alikaa kwenye benchi tangu saa mbili asubuhi, akaingia ndani saa nane mchana, wasaili wenyewe wameshachoka na wanachungulia saa.

Kwa miaka kadhaa kazi yangu ilikuwa hiyo: kuandika mialiko ya usaili, kupokea majibu na kupanga ratiba, katika ofisi moja ya Dar es Salaam. Wengi wakiambiwa "jibu kwa adabu" hukimbilia maneno ya kunyenyekea: ninayo heshima na taadhima kubwa, naomba kwa unyenyekevu, Mungu akubariki wewe na familia yako. Hayo hayamkeri mtu, ila hayamsaidii. Mpokeaji ana jedwali la Excel lenye majina, na kando ya majina kuna safu iliyoandikwa "Amethibitisha". Anachotaka ni kuijaza safu hiyo bila kukutafuta tena. Jibu linalomwezesha kufanya hivyo kwa kulisoma mara moja ndilo lenye adabu, hata likiwa la sentensi nne.

Hatua ya 1: Hakikisha jibu linatakiwa, na kwamba aliyekuita yupo kweli

Si kila mwaliko unajibiwa. Tanzania, nafasi za serikali zinazopitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma hutolewa kwa tangazo la jumla la kuitwa kwenye usaili: orodha ndefu ya majina kwenye tovuti, na taarifa zako kwenye akaunti yako ya Ajira Portal. Hapo hakuna wa kumwandikia "nimepokea, nitafika". Muda huo utumie kusoma masharti yaliyo mwanzoni mwa tangazo, maana ndiyo yanayowarudisha watu nyumbani: vyeti halisi kuanzia cha kuzaliwa na cha kidato cha nne hadi cha taaluma, kitambulisho kinachokubalika, hati za matokeo za muda hazipokelewi, majina yakitofautiana kwenye vyeti, uje na hati ya kisheria ya kubadili jina, uliyesoma nje, vyeti viwe vimehakikiwa na TCU (ya vyuo vikuu), NACTVET (ya elimu ya ufundi) au NECTA (ya mitihani ya shule). Na kila msailiwa anajigharimia nauli, chakula na malazi, kwa hiyo hilo usilipigie simu kuuliza.

Kenya pia, Tume ya Utumishi wa Umma hutoa orodha ya waliochaguliwa kwenda kwenye mahojiano (huko ndilo neno wanalotumia, "usaili" ni la Tanzania Bara zaidi) pamoja na nyaraka za kubeba: kitambulisho, vyeti halisi, na zile hati za kuonyesha huna doa, kutoka KRA (kodi), HELB (mikopo ya elimu ya juu), EACC (kupambana na rushwa), na hati ya tabia njema ya DCI (upelelezi wa jinai). Hiyo ya DCI haipatikani kwa siku moja. Ianze mara tu unapoona jina lako.

Mialiko inayosubiri jibu ni ile iliyoandikwa kwako binafsi: kampuni, shirika lisilo la kiserikali, shule, hospitali, hoteli, duka kubwa. Kabla ya kuijibu, jiulize kama uliomba kazi hiyo. Kama hukumbuki, fungua barua pepe zako za zamani utafute. Kisha tazama anwani iliyotuma: kampuni yenye tovuti yake kwa kawaida huandika kwa anwani yenye jina la kampuni, ingawa ofisi ndogo nyingi za kwetu bado zinatumia Gmail, kwa hiyo hilo peke yake si ushahidi. Kinachomuumbua tapeli ni pesa. Mwaliko ukitaja ada ya fomu, ya kupima afya, ya sare, ya "kushikilia nafasi", iwe elfu kumi au laki moja, na namba ya kutumia ni ya mtu binafsi, usijibu kabisa. Wanaotafuta kazi za Oman na nchi nyingine za Ghuba wawe macho zaidi, kwa sababu usaili wao mara nyingi unafanyika kwa WhatsApp na wakala. Kenya, Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira ina orodha ya mawakala waliosajiliwa, iangalie kwanza. Na popote ulipo, picha ya pasipoti yako haitumwi kama jibu la mwaliko.

Hatua ya 2: Soma mwaliko kalamu ikiwa mkononi

Andika pembeni: nafasi gani, siku gani, saa ngapi, mahali gani, ni mchujo wa kuandika au mahojiano ya ana kwa ana au ya mtandaoni, uje na nini, uthibitishe kwa nani na mwisho lini. Vitu vyenyewe ni vichache, na watu wanavikosa kwa sababu wanasoma kwa furaha. Mwaliko umeandika "thibitisha kwa barua pepe iliyo hapa chini", yeye anampigia simu mtu aliyemfahamu kwenye kampuni hiyo miaka miwili iliyopita.

Mtego mkubwa ni saa, na hapa nitakaa kidogo. Barua ya Kiingereza imeandika 10:00. Mtu anaisoma haraka, akilini inatua "saa kumi". Nilimwona dada mmoja ameingia saa tisa na nusu alasiri, kavaa vizuri, kawahi nusu saa kama inavyoshauriwa, kwa usaili ulioanza saa nne asubuhi. Wasaili walishaondoka. Upande wa pili nao upo: mwaliko wa Kiswahili unaandika "saa 3:00" bila kusema asubuhi, mtu anaitazama simu yake, anaona 3:00 ni baada ya mchana, anakuja saa tisa. Makosa hayo si ya msailiwa peke yake, mwandishi wa mwaliko anahusika pia; nami nimeshawahi kuandika hivyo. Dawa ni jibu lako. Kwenye jibu andika saa kwa maneno na utaje sehemu ya siku: "saa nne kamili asubuhi". Kama umeelewa vibaya, mimi nikisoma nitakuona na kukurekebisha siku nne kabla. Ukiandika tu "nitafika kwa muda uliopangwa", kosa linabaki kichwani mwako mpaka siku ya siku.

Mahali nako hivyohivyo. Kampuni ya Dar es Salaam yenye ofisi Posta na ghala Barabara ya Nyerere inaweza kukuitia popote kati ya hapo. Litaje.

Hatua ya 3: Jibu siku hiyohiyo, lakini si dakika hiyohiyo

Saa ishirini na nne ndiyo mpaka wa kawaida. Mwaliko ukiingia asubuhi, jibu kabla ofisi hazijafungwa. Ukiingia jioni, jibu kesho yake asubuhi. Ijumaa usiiache ipite, kwa sababu ratiba nyingi za wiki inayofuata hufungwa Ijumaa. Nusu saa ya kutulia kwanza ina faida: uangalie kalenda yako, uulize ruhusa kazini kama una kazi, uhesabu nauli. Anayethibitisha dakika ya kwanza na kuomba kubadilisha siku dakika ya arobaini anamfanya mtu apange ratiba mara mbili.

Barua pepe unaweza kuituma hata usiku wa manane, itasubiri. Ujumbe wa WhatsApp wa saa saba usiku unamwamsha mtu.

Hatua ya 4: Jibu kwa njia waliyotumia wao

Wamekuandikia barua pepe, jibu kwa barua pepe, kwa kubonyeza "Jibu" palepale kwenye barua yao. Usianzishe barua mpya yenye kichwa chako. Barua yao ina kichwa, tarehe na pengine kumbukumbu namba; ukijibu ndani yake vyote vinakuja pamoja. "Jibu wote" ibonyeze kama walionakiliwa ni watu wa ofisi. Kuna maofisa wanaokosea na kuwaweka wasailiwa wote ishirini kwenye barua moja, kila mmoja akiona anwani ya mwenzake. Ukiona hivyo, jibu kwa mtumaji peke yake, na usimsute kwa kosa lake.

Tumia anwani uliyoombea kazi. Kama ile ya zamani ni ya utani wa shuleni na ndiyo iliyo kwenye CV, basi sasa umechelewa, jibu kwa hiyohiyo. Ukibadilisha, ofisi haitakutambua.

Wamekuandikia WhatsApp au SMS, jibu hapohapo, kwa maneno mazima. Sentensi ya kwanza iwe na jina lako kamili, hata kama unadhani namba yako wanayo. Usitume sauti. Najua ni rahisi, lakini anayepanga ratiba yuko kwenye ofisi yenye watu watano na hawezi kuweka simu sikioni kwa kila msailiwa. Tena sauti haiwezi kunakiliwa kwenye jedwali. "Nmepokea asnte xana" iache kwa rafiki zako. Kile kikatuni cha mikono miwili iliyounganishwa hakimuudhi mtu, lakini hakina kazi hapo. Halafu tazama picha yako ya wasifu kabla ya kubonyeza tuma, maana mimi nitaitazama.

Hatua ya 5: Chagua lugha, na umwite mtu jina lake sawasawa

Lugha ya mwaliko ndiyo lugha ya jibu. Wameandika Kiingereza, jibu Kiingereza, kifupi na chepesi, maana jibu refu lenye makosa litakuuza kabla hujafika. Wameandika Kiswahili, usijitutumue kujibu Kiingereza ili uonekane msomi.

Kumwita mpokeaji kunawatoa watu jasho bure. Tanzania Bara, "Ndugu" inafaa kwa mwanamume na mwanamke, kwa jina au kwa cheo: "Ndugu Afisa Utumishi". Kenya haiendi vizuri hivyo, huko andika "Bwana" au "Bi" na jina la mwisho, na kama hujui jinsia, cheo kinatosha. "Mpendwa" watu wameitoa kwenye barua za Kiingereza. Masikioni mwetu ni ya kanisani au ya mchumba. "Mheshimiwa" ina wenyewe, mbunge, hakimu, mkuu wa wilaya. "Bosi" na "mkuu" ni za kijiweni. Shikamoo je? Kwenye maandishi ya ofisi "Habari za asubuhi" inatosha na haimkosei mtu mzima yeyote. Ukipigiwa simu na sauti ni ya mtu mzima, shikamoo itoke yenyewe kama ulivyolelewa, nayo haijawahi kumkosesha mtu kazi.

Jina lake likiwa chini ya mwaliko, linakili herufi kwa herufi. Mimi jina langu lina herufi mbili zinazofanana zinazofuatana, na nusu ya majibu yalikuwa yakinipunguzia moja.

Hatua ya 6: Andika jibu lenyewe

Nianze na jibu la kawaida nililokuwa nikilipata, nimebadilisha tu nafasi:

*"Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni kijana mwenye umri wa miaka 26, mchapakazi na mwenye uwezo wa kufanya kazi chini ya uangalizi mdogo. Nimefurahi mno kupata fursa hii adhimu katika kampuni yenu tukufu. Nitajitahidi kufika bila kukosa. Natanguliza shukrani zangu za dhati."*

Lina moyo mzuri, na mimi nimebaki na maswali manne. Ni nani huyu? Ni nafasi ipi, maana wiki hii nimeita watu wa nafasi tatu? Anajua ni lini? Na "nitajitahidi kufika" ni ndiyo au labda? Sifa zako zilishasomwa kwenye maombi, ndizo zilizofanya uitwe. Kichwa cha habari hapo juu mwenyewe nakiona. Na "natanguliza shukrani" hutumika pale unapoomba kitu ambacho bado hujapewa. Hapa umeshapewa, sema tu nashukuru.

Sasa lile linalotakiwa:

*Ndugu Afisa Utumishi,*

*Habari za asubuhi. Nimepokea mwaliko wenu wa tarehe 8 Mei 2026 wa kufika kwenye usaili wa nafasi ya Mhasibu Msaidizi. Nashukuru kwa nafasi hii.*

*Nathibitisha kwamba nitafika Alhamisi, tarehe 14 Mei 2026, saa nne kamili asubuhi, katika ofisi zenu, ghorofa ya tatu. Nitakuja na vyeti halisi, nakala zake na Kitambulisho cha Taifa kama mlivyoelekeza.*

*Mkinihitaji kabla ya siku hiyo napatikana kwa namba (namba yako ya simu).*

*Wako,*
*(jina lako kamili, kama lilivyo kwenye maombi)*

Itazame kwa karibu. Kiini ni neno "nathibitisha", kwa sababu ndilo linaloniruhusu kuweka alama ya kijani. "Nitajaribu", "natarajia", "nikijaliwa nafasi" yanaacha alama ya njano. "Inshallah" ni kitu kingine. Mtu wa pwani akiandika "nitafika, Inshallah" tunaelewana, hiyo ni imani na wala si wasiwasi. Siku ya wiki imeandikwa pamoja na tarehe, ili vikigongana mmoja wetu ashtuke: mwaliko ulioandika "Jumatano tarehe 14" wakati tarehe 14 ni Alhamisi si jambo la ajabu. Ukikuta hivyo uliza moja kwa moja, "Naomba kuhakikisha kama ni Jumatano tarehe 13 au Alhamisi tarehe 14," wala usichague kimoja ukajiombea.

Kutaja vyeti kunaonyesha umesoma maelekezo, na kunakukumbusha mwenyewe kuvitafuta. Kama cheti kimoja hukioni, hapa ndipo pa kusema: "Cheti halisi cha diploma bado kiko chuoni, nitakuja na barua ya chuo inayothibitisha." Ukiliandika mapema ni taarifa. Ukilisema mbele ya wasaili linageuka kisingizio.

Jina liwe lile la kwenye maombi. Uliomba kwa majina matatu, usijibu kwa jina la ukoo la mume wala kwa jina la utani la WhatsApp.

Ukilazimika kuandika barua mpya, kwa mfano uliitwa kwa simu na ukapewa anwani, basi kichwa ni juu yako: "YAH: Kuthibitisha kufika kwenye usaili, Mhasibu Msaidizi" na jina lako mwishoni. Wakenya wataandika "KUH:" au "MINT:", maana ni ileile.

Usiambatishe CV tena kama hawakuiomba. Wakiomba nyaraka, ziite kwa jina lako na kitu chenyewe, kwa sababu mafaili kumi na manne yote yanayoitwa "CV mpya ya mwisho 2" nimeshayaona.

Hatua ya 7: Ukipigiwa simu badala ya kuandikiwa

Simu huingia ukiwa kwenye daladala la Mbagala, konda anapiga mlango, muziki juu. Usilazimishe. Sema: "Nashukuru kwa kunipigia, niko kwenye gari na sikusikii vizuri. Naomba nikupigie baada ya dakika kumi." Hakuna ofisi inayokasirika kwa hilo. Shuka, tafuta kivuli, kalamu na karatasi, piga. Rudia unayoambiwa kwa sauti: siku, saa, mahali, jina la mtu wa kumwulizia mapokezi.

Kisha, na hili watu wachache hulifanya, tuma ujumbe mfupi kwa namba hiyo: "Habari. Ni (jina kamili). Nashukuru kwa simu ya leo. Nathibitisha kufika kwenye usaili wa nafasi ya Mhasibu Msaidizi, Alhamisi tarehe 14 Mei, saa nne asubuhi, ofisi ya Posta." Aliyepiga alikuwa anapiga simu ishirini mfululizo. Wewe umemwandikia kumbukumbu.

Hatua ya 8: Ukihitaji siku nyingine, au una swali

Kuomba siku nyingine si dhambi. Kinachouma ni kuomba usiku wa kuamkia usaili, au kuomba bila kutoa njia. Andika hivi:

*Nashukuru kwa mwaliko wa usaili wa nafasi ya Mhasibu Msaidizi, Alhamisi tarehe 14 Mei 2026, saa nne asubuhi. Muda huohuo nina mtihani wa chuo ambao siwezi kuubadilisha. Naomba, kama ratiba yenu inaruhusu, nisailiwe siku hiyohiyo kuanzia saa nane mchana, au Ijumaa tarehe 15 wakati wowote. Samahani kwa usumbufu, na natanguliza shukrani.*

Hapo "natanguliza shukrani" imepata mahali pake. Sababu iwe moja, fupi, ya kweli. Msiba au ugonjwa mtu akitaja kwa sentensi moja anaaminika; akieleza aya mbili anaanza kutiliwa shaka. Kama una kazi na hutaki ijulikane, "majukumu ya kazi niliyonayo sasa" yanatosha. Na kama uko mbali, litaje, kwa sababu anayepanga ratiba anaona namba ya simu tu, haoni kwamba uko Mbeya. Basi la kwenda Dar linamaliza siku nzima. Ukiitwa leo mchana kwa usaili wa kesho asubuhi, andika, "Niko Mbeya, nikisafiri kesho naweza kufika keshokutwa, au kama inawezekana nisailiwe kwa mtandao." Mara nyingi hawakuwa wamefikiria. Ofisi ikishikilia siku yake, umeshajua, amua.

Maswali yanayofaa kwenye jibu ni yale yatakayobadilisha maandalizi yako: kutakuwa na mtihani wa kuandika, nije na kompyuta yangu, geti gani linatumika. Mwenye ulemavu ataje mahitaji yake sasa bila kusitasita: mkalimani wa lugha ya alama, chumba cha chini kwa anayetumia kiti cha magurudumu, maandishi makubwa. Mkalimani anahitaji kutafutwa na hapatikani asubuhi ya usaili. Mshahara usiulize hapa. Nauli unaweza kuuliza kama unatoka mkoani na anayekuita ni kampuni au shirika: "Naomba kufahamu kama kuna utaratibu wa nauli kwa wanaotoka mikoani." Uliza mara moja, na ukijibiwa hapana usirudie.

Hatua ya 9: Usaili wa mtandaoni

Taja programu yenyewe, Zoom au Google Meet au Teams, kwamba kiungo umekipata na kinafunguka. Kifungue kweli kabla ya kusema hivyo. Toa namba ya simu ya akiba: "Intaneti ikikatika napatikana kwa namba…", kwa sababu bando huisha na umeme hukatika, na kila mtu anajua.

Kama mwaliko umetoka nchi nyingine, saa inarudi kukusumbua. Dar es Salaam, Nairobi na Kampala saa zao ni zilezile. Kigali, Bujumbura, Goma na Lubumbashi wako nyuma yetu kwa saa moja. Muscat iko mbele kwa saa moja. London iko nyuma kwa saa tatu majira ya baridi na saa mbili majira ya kiangazi, wakishasogeza saa zao mbele. Andika zote mbili: "saa nane mchana kwa saa za Afrika Mashariki, sawa na saa saba kwenu Kigali."

Hatua ya 10: Ukiamua kutokwenda

Umepata kazi nyingine, au umeghairi. Andika: *"Nashukuru kwa kuniita kwenye usaili wa nafasi ya Mhasibu Msaidizi tarehe 14 Mei. Kwa sasa nimepata nafasi nyingine, hivyo naomba kujitoa. Nawatakia kila la heri katika kumpata mtu anayefaa."* Imekwisha. Huna haja ya kutaja umepata wapi wala wanakulipa kiasi gani. Tuma mapema, kwa sababu kuna mtu wa kumi na tano kwenye orodha anayeweza kuingizwa mahali pako. Mimi nimewahi kumpigia mtu kama huyo, saa tano tu zikiwa zimepita tangu mwenzake ajitoe, na ndiye aliyepata kazi.

Baada ya kutuma

Usipojibiwa, usishangae. Ofisi nyingi zikipata uthibitisho zinanyamaza. Kama uliuliza swali au uliomba siku nyingine, subiri siku mbili za kazi kisha piga simu mara moja. Ujumbe wa "naomba kujua kama mlipata ujumbe wangu" kila asubuhi unachosha.

Siku yenyewe ikikuchelewesha, andika kabla muda haujafika: "Habari. Ni (jina), msailiwa wa saa nne, Mhasibu Msaidizi. Niko Ubungo na foleni haisogei. Nategemea kufika saa nne na robo. Samahani sana." Ujumbe wa namna hiyo nikiupata saa tatu na dakika arobaini, nilikuwa namwingiza wa saa nne na nusu kwanza kama ameshafika, na mchelewaji akiingia anahema anakuta zamu yake bado ipo.